Mzee wa kitanda cha tisa alishinda njaa siku mbili

Nina miaka kumi na moja kwenye unesi na ugomvi nimeushuhudia wa kila aina, ndugu na mlinzi getini, mama na sista dirisha la dawa, kijana anapiga meza ya mapokezi mpaka rejista inadondoka. Ila kuna mmoja haujawahi kunitoka kichwani, na mhusika mwenyewe hata sauti hakupaza. Nitamuita mzee wa kitanda cha tisa, vitu vidogo nimebadilisha asije akajulikana.

Mzee alilazwa kufanyiwa oparesheni ya ngiri, sio dharura, ile ya kupangiwa siku. Jumanne usiku sista wa zamu akamwambia baba kesho unaingia thieta, ikifika saa sita usiku usile tena wala usinywe kitu. Mzee akaitika. Jumatano asubuhi akaoga, akavaa gauni la kijani, fomu alishasaini, akakaa kitandani miguu inaning'inia akisubiri kuitwa. Saa tatu akaletwa mjamzito, mapigo ya mtoto yanashuka, akaingizwa yeye. Alivyotoka tu kaja kijana wa bodaboda anavuja damu kwa ndani tumboni. Na thieta inayofanya kazi ilikuwa moja, ya pili mashine ya usingizi ilikuwa mbovu. Inapofika saa tisa alasiri daktari wa upasuaji kachoka hajala, akasema waliobaki waende kesho.

Alimwambia nani? Alimwambia nesi wa thieta. Nesi wa thieta akapiga simu wodini. Na wodini saa tisa na nusu ndio tunapokeana ripoti, asubuhi wanatoka jioni wanaingia, aliyepokea simu akasema sawa sawa, akaweka, akachukua pochi yake akaondoka. Mtoto wake alikuwa anasubiri kuchukuliwa shule, simlaumu, ila neno liliishia pale kwenye meza ya simu.

Jioni binti wa ndugu yake mzee kaleta uji kwenye chupa na ndizi. Mzee akasema hapana, nimekatazwa kula, mpaka nikapasuliwe. Nesi wa jioni akapita, akaona chakula kimerudi kama kilivyo, akaandika kwenye faili mgonjwa amekataa kula.

Aliyeandika hayo maneno ni mimi.

Sikumuuliza kwa nini, nilikuwa na wagonjwa thelathini na nne na wenzangu wawili, nilipita nikaandika nikaenda kitanda cha kumi. Usiku ikaja zamu nyingine, wao wana listi mpya ya thieta, wakamwona yumo, wakamwambia tena baba saa sita usiku usile. Akaitika tena. Alhamisi asubuhi akavaa tena gauni la kijani. Na Alhamisi nayo dharura zikaingia.

Saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, mwanae akafika kutoka shamba, kapanda gari alfajiri, anamkuta baba yake midomo imekauka, mikono inatetemeka, hawezi hata kushika kikombe. Akauliza baba umekula nini, mzee akamjibu sijala tangu juzi mwanangu, nawasubiri hawa. Kijana akageuka na mtu wa kwanza aliyemwona mwenye koti jeupe alikuwa daktari intani, yule anayemalizia mwaka wake wa mazoezi, wala hahusiki hata kidogo, alikuwa anapita na damu za maabara. Akamkaba kola. Chupa zile za damu zikaanguka, mbili zikapasuka. Wagonjwa wanapiga kelele, mlinzi anakuja mbio na rungu, na ndugu wa vitanda vingine nao wakaanza kutoa ya kwao, huyu anasema mimi mama yangu toka asubuhi hajaonwa, huyu sisi tumelipia kipimo majibu hayaji, ilikuwa kama mtu kawasha kiberiti kwenye nyasi kavu.

Aliyezima ni inchaji wetu, msimamizi wa wodi, mama wa makamo, sasa hivi kastaafu. Alimwambia mlinzi rudi nyuma. Akamwendea mzee kwanza, sio kijana. Akampa shikamoo, akamshika mkono, akaagiza uji uletwe sasa hivi na sukari, na akamwambia baba leo hupasuliwi, kula. Halafu ndio akamgeukia yule kijana akamwambia mwanangu, oparesheni ya baba iliahirishwa jana saa tisa, na hakuna aliyekuja kumwambia, kosa ni letu, njoo tukae nikueleze ilivyokuwa. Kijana akaachia kola. Alikaa kwenye benchi akawa anatazama chini, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, namba yangu ya simu ipo hapo kwenye faili tangu Jumatatu.

Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Namba ilikuwepo, muda wa kupiga ulikuwepo, dakika mbili tu. Kuchelewa kwa oparesheni yule kijana alikuelewa vizuri sana alipoelezwa, mama mjamzito, ajali, mashine mbovu, akasema hao ni sawa watangulie. Hakugombana kwa sababu ya kusubiri. Aligombana kwa sababu baba yake alikuwa anasubiri kitu ambacho kuna wenzetu walishajua hakipo.

Toka siku ile nikawa naangalia kila ugomvi unaotokea najiuliza ulianzia wapi, na kiukweli mara nyingi sana chanzo hakiwi matusi ya mtu wala ukatili, unakuta kuna sentensi moja ilitakiwa isemwe saa fulani na mtu fulani na haikusemwa, kila mmoja anadhani mwenzake kasema. Tunapenda kusema huyu nesi ana roho nzuri, yule ana roho mbaya, na wapo kweli wenye lugha chafu, hao siwatetei na waadhibiwe. Lakini suala la kuongea na mgonjwa tukiliachia roho ya mtu, basi siku mwenye roho nzuri yupo likizo wodi nzima inakaa gizani. Kuongea na mgonjwa na ndugu zake ni kazi, kama kumpa sindano ni kazi. Sindano ina saa yake, ina jina la aliyechoma, ina sahihi. Na maneno nayo yanataka hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata nikawa ndugu mimi. Mama yangu presha ilimpanda, kifua kinambana, akalazwa hospitali nyingine kubwa, mkoa mwingine, nami nikaomba ruhusa nikaenda kumuuguza. Kule sikujitambulisha kama nesi, nilitaka nikae kama mtoto wa mgonjwa tu. Asubuhi ya pili madaktari wakapita raundi, tukatolewa nje wote. Walikuwa kama watu saba wamezunguka kitanda, nawaona kupitia dirisha, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa cha mama, mmoja anasoma faili, mkubwa anauliza, wengine wanajibu, dakika nne hivi, wakahamia kitanda kingine. Mama alikuwa anawafuata kwa macho mmoja mmoja, kama mtoto anayesikiliza wazazi wakigombana.

Ndugu tuliruhusiwa kuingia saa kumi. Nilimkuta kalala amegeukia ukutani. Mama vipi, wamesemaje? Akaniambia, mwanangu, wamesema negativu. Nilishika mkono wake ulikuwa wa baridi. Kwa mama yangu negativu ni kitu kibaya, ndivyo anavyolisikia kanisani na redioni, mtu mwenye fikra negativu, maisha negativu. Kumbe walikuwa wanasema kile kipimo cha damu cha kuangalia kama moyo ulipata mshtuko kimetoka negativu, maana yake moyo haujaumia, ni habari njema kuliko zote alizopata wiki ile! Mtu aliletewa habari njema akalia nayo saa sita nzima peke yake. Na wapo wa upande wa pili pia, anaambiwa majibu ni pozitivu anatabasamu, anasema namshukuru Mungu, na nesi anashindwa aanzie wapi.

Kiingereza cha raundi nakielewa kwa nini kipo, tumesomea kwa Kiingereza, faili linaandikwa Kiingereza, wanafunzi wanafundishwa pale pale. Siombi kifutwe. Naomba tu mkishamaliza mmoja wenu abaki nyuma sekunde thelathini, amwinamie mgonjwa amwambie kwa Kiswahili, mama, tumeongea hivi na hivi, moyo wako uko salama, leo tunakubadilishia dawa ya presha, una swali? Sekunde thelathini. Kitanda kinachofuata hakitakimbia.

Na wagonjwa wenyewe tukiwapa nafasi ya kuongea hawachukui muda mrefu kama tunavyoogopa. Kule Marekani mwaka 1984 watafiti wawili, Beckman na Frankel, walirekodi maongezi 74 ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwa wastani daktari anamkata mgonjwa kauli baada ya sekunde 18, na waliomaliza kueleza walichokuja nacho hata robo hawakufika. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilijipima mwenyewe kwa saa ya mkononi bila mgonjwa kujua. Sitaandika nilipata ngapi, ila nilibadilika.

Halafu kuna salamu. Kwetu hapa salamu sio mapambo, mzee wa miaka sabini anaingia chumba cha daktari, kijana wa miaka ishirini na sita anamwambia bila kuinua macho kwenye kompyuta, haya, tatizo? Mzee ameshafunga mlango moyoni. Ataeleza nusu ya ugonjwa wake, ile ya aibu hataisema, tezi dume linamsumbua atasema mgongo unauma. Shikamoo inachukua pumzi moja. Pole mama, karibu ukae, jina langu fulani, mimi ndio nesi wako mpaka saa mbili usiku.

Hilo la jina nalisisitiza. Kuna daktari wa Uingereza anaitwa Kate Granger, alikuwa anatibu wazee, akapata saratani akiwa bado kijana, na mwaka 2013 akiwa amelazwa akagundua watu wengi wanaokuja kitandani kwake kumtoboa na kumpima hawamwambii hata majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuhimiza kila mhudumu aanze kwa kusema habari, jina langu ni fulani, ikasambaa nchi nyingi mpaka alipofariki Julai 2016. Ukiangalia ni jambo dogo sana, lakini jaribu kusikiliza malalamiko kwenye ofisi yoyote ya hospitali, yule sista mnene alisema, yule dokta wa miwani alisema, yule mrefu wa jana. Hawajui wamtafute nani, kwa hiyo wakiwa na hasira wanamkaba yeyote mwenye koti, kama yule intani wetu. Na sisi vitambulisho tunavyo, vingi vimegeuzwa nyuma mbele.

Kwenye dharura ndio moto wenyewe. Pale wagonjwa hawaonwi kwa kuwahi, wanaonwa kwa uzito, anayekuja anapimwa mapigo, pumzi, presha, joto, anapewa rangi, nyekundu anaingia saa hiyo hiyo, chungwa anafuata, njano anasubiri kidogo, kijani anasubiri sana. Kitaalamu iko sawa kabisa na inaokoa maisha. Lakini kaa kwenye lile benchi kama hujui. Umekuja saa moja na mtoto ana homa, saa tatu anaingia mtu kwenye kiti cha magurudumu anapitishwa moja kwa moja, saa nne mwingine. Hujaambiwa chochote. Unafikiri nini? Unafikiri hela. Unafikiri wanajuana. Nchi hii mtu akiona mwenzake kapita mbele bila maelezo maelezo anayo tayari kichwani, na jirani yake kwenye benchi anamwongezea, eeh dada hapa bila kutoa kitu utakaa mpaka kesho. Nesi hajala rushwa ya mtu, mgonjwa aliyepita alikuwa anakata roho, lakini benchi zima limeshamhukumu. Hapo mtu mmoja akisimama akapiga kelele wote wanamuunga mkono.

Tulikuwa na kijana mmoja wa pale dharura, mwuguzi, alikuwa na tabia ya kutoka kila baada ya kama nusu saa anasimama mbele ya benchi, sio kwa kufoka, anasema wazazi wangu, ndugu zangu, poleni, ndani sasa hivi tuna watu wawili hali zao mbaya sana, mmoja ajali mmoja amepoteza fahamu, madaktari wote wawili wako huko, nadhani kabla ya saa moja hatutaweza kumwita mwingine, ila kama kuna ambaye mgonjwa wake amebadilika, anahema kwa shida, ameanza degedege, njoo uniambie sasa. Basi. Zamu yake ilikuwa na utulivu wa ajabu, na wagonjwa ni wale wale, na muda wa kusubiri ni ule ule. Na mara moja kwa ile kauli yake ya mwisho mama mmoja alinyanyuka na mtoto aliyekuwa kijani saa mbili kabla, kumbe kageuka, akaingizwa ndani haraka. Kwa hiyo hata sio kutuliza watu tu, ni tiba.

Kuna maneno ambayo sisi tumeyazoea na yakifika kwa ndugu yanakuwa kitu kingine. Oksijeni. Mtaani watu wanaamini akiwekewa gesi ndio basi tena, kwa sababu waliowaona wakiwekewa wengi hawakurudi nyumbani, hawajui kuwa waliwekewa kwa sababu walikuwa wanaumwa sana tayari. Nesi anakuja na mpira anamfunga mgonjwa puani kimya, ndugu wanapigana kuutoa. Kabla hujafunga sema, mapafu yake yamechoka, hii inamsaidia avute hewa wakati dawa inafanya kazi, tutakuwa tunampima kwenye kidole na namba ikipanda tutapunguza. Umuonyeshe ile namba. Mimi huwa namwachia ndugu kazi ya kuangalia namba, anakaa pale anajiona na yeye anauguza.

Au damu. Ndugu wanaambiwa leteni watu wawili wachangie. Wanaleta, wanatolewa, halafu mgonjwa anawekewa chupa nyingine kabisa na kesho yake wanaambiwa leteni wengine. Wanaondoka wakisema damu zinauzwa. Nani aliwaeleza kuwa damu aliyotoa mjomba ni grupu nyingine, kwamba lazima kwanza ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kwamba inarudishia benki ile waliyomwekea mgonjwa wao usiku? Hakuna. Tumewaambia leteni watu, nukta. Halafu tunashangaa wanatuita wauza damu.

Na lile neno, hali imebadilika. Kila Mtanzania anaijua ile simu ya alfajiri, njooni hospitali hali ya mgonjwa wenu imebadilika. Sipendi habari ya msiba itolewe kwenye simu kwa mtu aliye kwenye pikipiki, hapo naielewa. Lakini wakishafika usiwasimamishe koridoni, mlangoni mwa wodi, huku watu wanapita na mabeseni, ukawaambia mgonjwa wenu hayupo nendeni mochwari. Nimeiona hiyo kwa macho. Dada mmoja alikaa chini pale pale kwenye sakafu iliyokuwa imetoka kudekiwa, nguo zote zikalowa, na kaka yake akaanza kuvunja vioo. Tafuta hata kistoo, weka viti viwili, funga mlango, waulize kwanza mara ya mwisho waliambiwa nini kuhusu hali yake, maana kuna wanaojua na kuna waliomwacha jana anakula. Sema amefariki. Usiseme tumempoteza, kuna mzee aliwahi kuniuliza sasa mmemtafuta wapi. Halafu nyamaza, usikimbilie fomu.

Wapo watakaosema haya ni maneno mazuri kwa nchi zenye manesi wa kutosha. Hapana, yamejaribiwa hapa hapa kwetu, Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, kwenye mradi ulioitwa Staha, na jina lenyewe limetosha. Watafiti waliwauliza kina mama waliotoka kujifungua kama walitendewa vibaya, kupigiwa kelele, kutukanwa, kuachwa peke yao, na karibu asilimia 19 wakasema ndio wakiwa bado pale hospitali. Walipowafuata baadhi yao nyumbani wiki kadhaa baadaye ikafika asilimia 28, maana nyumbani mtu anasema bila hofu. Halafu wakakaa wananchi na wahudumu pamoja wakatengeneza mkataba wa huduma, mama ategemee nini na mhudumu naye ategemee nini kutoka kwa mama, na wodi ya wazazi ikapanga yenyewe vitu vya kurekebisha. Baadaye walipolinganisha na hospitali ambayo haikufanya hivyo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulikuwa umeshuka kwa asilimia 66. Na wahudumu walikuwa hawa hawa wa kwetu. Ninachokipenda zaidi kwenye ule mkataba ni huo upande wa pili, kwamba mhudumu naye ana haki yake, kwa sababu nesi anayetukanwa kila siku na kuamrishwa na kila mkubwa bila kuambiwa kitu, dawa zimeisha haambiwi, control number, zile namba za kulipia, hazitoki mtandao upo chini haambiwi, anagundua dirishani mbele ya mgonjwa mwenye hela mkononi, huyo nesi atajibu nini zaidi ya hakuna? Hakuna lake linatoka kali kwa sababu na yeye amelipata sasa hivi.

Na tukikosea. Hapa ndio pagumu kuliko kote. Kuna mtoto wa wodi yetu kanula, kile kimpira cha kupitishia dripu, ilitoka kwenye mshipa usiku, dripu ikaingia kwenye nyama, mkono ukavimba kama mkate. Mwenzangu alitaka kutoa ile kanula, kuweka mkono mwingine na kumwambia mama mtoto ni kawaida tu. Nilimwomba tuende wote. Tukamwambia mama, ilitoka usiku, tulitakiwa tuione mapema tukachelewa, samahani, tumeitoa, tunauinua mkono hivi, tutauangalia kila saa, na ukiona ngozi inabadilika rangi au mtoto hachezeshi vidole tuite hata kama tumekaa kula. Mama alilia kidogo. Alikasirika pia, alituambia maneno, tukayasikiliza yote tumesimama. Asubuhi yake alikuwa anatuita kwa majina. Kuna hospitali za chuo kikuu cha Michigan kule Marekani tangu 2001 wameufanya huu kuwa utaratibu, likitokea kosa wanamweleza mgonjwa wazi na kuomba radhi, na watu waliogopa kesi zitafurika, kumbe madai yakapungua.

Baada ya mzee wa kitanda cha tisa inchaji aliongeza kitu kimoja kwenye ripoti ya zamu. Tulikuwa tunapokeana kwa jina, ugonjwa, dawa, mkojo, dripu. Akaongeza ameambiwa nini na nani. Kila mgonjwa. Kitanda cha nne, kaambiwa na daktari fulani kipimo cha picha ni kesho. Kitanda cha kumi na mbili, mke wake kaambiwa na mimi kuwa sukari haijashuka. Ripoti ikarefuka kama dakika saba na watu wakalalamika, kweli. Lakini zile kauli za aah mimi sijui muulize wa asubuhi zikapungua, na hizo ndizo ndugu wanazozichukia kuliko hata kuambiwa habari mbaya. La pili, atakayeahirisha oparesheni, awe daktari au nesi wa thieta, anakuja mwenyewe mpaka kitandani, hapigi simu. Madaktari wawili walikataa mwanzoni, wakasema hawana muda. Mmoja siku hizi ndiye wa kwanza kuja, anasimama pale na kofia yake ya thieta bado kichwani, anamwambia mzee leo imeshindikana, kula ushibe.

Usiku bado hatujaupatia dawa. Usiku tunakuwa wawili, wakati mwingine mmoja na mhudumu wa afya, na kati ya saa nne na saa kumi na mbili alfajiri ndugu wanakaa nje ya geti kwenye kanga zao hawajui chochote, mlinzi ndiye anayejibu maswali ya ugonjwa, na mlinzi hajui, anafoka ili waondoke. Nimependekeza saa tano usiku nesi mmoja atoke na daftari mpaka getini, dakika kumi, asome majina na aseme nani amelala vizuri na nani anahitaji ndugu yake aingie. Na mlinzi apewe namba ya simu ya wodi ili asilazimike kubuni majibu. Barua nimempelekea muuguzi mkuu Jumatatu, kaniambia ataijadili na wenzake. Wiki hii naingia usiku siku nne, nitatoka na daftari hata kabla hawajajibu.